Uungwana na Uhuru: Historia ya Maneno Mawili na Nafasi ya Uliberali katika Fasihi ya Kiswahili

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, neno 'uliberali' limetumiwa kwa namna mbili zinazopingana. Wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980 walioegemea mkabala wa Ki-Marx walilitumia kama shutuma: mwandishi aliyetetea haki za mtu binafsi bila ya kuugusa msingi wa kiuchumi wa jamii alihesabiwa kuwa msemaji wa mabwanyenye, awe anajua au hajui. Baada ya kuondolewa kwa kifungu cha 2A cha katiba ya Kenya mwezi wa Desemba 1991, neno hilo hilo liligeuka kuwa sifa, likawa kama jina jingine la demokrasia ya vyama vingi. Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja ambalo halijathibitishwa, yaani kwamba uliberali ni fikra iliyozaliwa Ulaya ikiwa imekamilika, kisha ikasafirishwa kama bidhaa, na kwamba kazi ya msomaji wa Kiafrika ni kuipokea au kuikataa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya dhana ya uhuru duniani ina mashina mawili, na kwamba Kiswahili, kwa sababu za kihistoria zilizo chungu, kimeyahifadhi mashina yote mawili katika maneno yake ya kila siku: uungwana na uhuru.

Ni vyema kuanza na lugha nyingine. Neno la kale zaidi lililoandikwa ambalo wataalamu hulifasiri kwa maana ya uhuru ni la Kisumeri, nalo ni *amargi*. Linapatikana katika maandishi ya mji wa Lagash ya takriban miaka 2350 kabla ya Kristo, katika enzi ya mtawala Urukagina. Maana yake ya asili ni 'kurudi kwa mama'. Aliyerudi kwa mama yake ni yule aliyekuwa amewekwa rehani kwa ajili ya deni, na sasa deni limefutwa. Hakuna hapa falsafa ya utashi wala ya nafsi. Kuna mtu aliyekuwa kwa watu, akarudi kwao. Inafaa kukumbuka picha hii, maana katika karne zilizofuata, wanafalsafa waliusahau mlango huu wa kutokea utumwani, wakaanza kuuzungumzia uhuru kana kwamba ni nyumba ambayo watu wamezaliwa ndani yake.

Orlando Patterson, mwanasosholojia mzaliwa wa Jamaica, aliurejesha mlango huo machoni pa wasomi katika vitabu vyake vya mwaka 1982 na 1991. Hoja yake ni kwamba uhuru ulianza kuthaminiwa kama tunu kuu mahali ambapo utumwa ulikuwa umeenea, na kwamba waliouthamini kwanza ni wale waliounyimwa. Mgiriki alisema *eleutheria* na Mrumi akasema *libertas*, na kila mmoja alikuwa na mtumwa karibu wa kumwonyesha maana ya neno hilo. Unaweza kubishana na Patterson juu ya nafasi anayoipa Ulaya, na wengi wamebishana naye. Hata hivyo, upande wa lugha unamuunga mkono, na Kiswahili kinamuunga mkono zaidi ya lugha nyingi.

Kirumi kilikuwa na kivumishi *liberalis*. Maana yake ilikuwa 'kinachomfaa mtu aliyezaliwa huru'. Elimu ya *liberalis* ni elimu ya mtu asiyetumikishwa. Mkono wa *liberalis* ni mkono mkarimu, kwa kuwa mtumwa hana cha kutoa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa sababu neno lake analo. Mwungwana wa pwani alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa wala mzao wa watumwa. Ndipo akawa mtu wa adabu, mkarimu, anayejua kusema na kunyamaza. Tunaposema leo kwamba 'muungwana ni vitendo', tunaichukua maana ya pili na kuisukuma ya kwanza nyuma ya pazia. Methali yenyewe inaonekana kubisha: inasisitiza vitendo kwa sababu kuna waliosisitiza nasaba. Kwa maneno mengine, ukitaka kulitafsiri neno 'liberali' kwa maana lililokuwa nayo Ulaya hadi mwisho wa karne ya 18, tafsiri iliyo sahihi kabisa ni 'kiungwana'.

Neno 'huru' lina njia nyingine. Limetoka katika Kiarabu *hurr*, mtu asiye *abdi*, na kamusi za wamishonari wa karne ya 19 zilililieleza kwa kulikinganisha na mtumwa. Tofauti baina ya maneno haya mawili ni ndogo kwa mtu wa nje, lakini haikuwa ndogo katika Unguja, Lamu au Mombasa. Aliyeachwa huru alikuwa huru, hakuwa mwungwana. Uungwana ni hali ya kuzaliwa nayo, inayolindwa kwa mavazi, kwa ndoa, kwa elimu ya dini na kwa namna ya kutembea. Uhuru ni tukio. Una siku yake, una shahidi wake, na wakati mwingine una karatasi yake.

Tukiisoma historia ya uliberali wa Ulaya kwa maneno haya mawili, mambo mengi yanayotajwa kama 'unafiki' yanaeleweka vizuri zaidi. John Locke, ambaye kitabu chake juu ya serikali kilichapishwa mwaka 1689, alikuwa na hisa katika Royal African Company iliyofanya biashara ya watumwa, na alishiriki katika kuandaa katiba ya koloni la Carolina ya mwaka 1669 iliyompa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya mtumwa wake mweusi. Thomas Jefferson aliandika tangazo la mwaka 1776 akiwa bwana wa watumwa, na katika maisha yake yote aliwamiliki watu zaidi ya 600. Kusema kwamba walijipinga ni kweli, lakini hakutoshi. Walikuwa wakitetea uungwana wao dhidi ya mfalme. Mwungwana hadharauliwi, hatozwi kodi bila ya ridhaa yake, haingiliwi nyumbani kwake. Na ndani ya nyumba hiyo wamo watumwa wake.

Lile neno lenyewe, kama jina la kundi la kisiasa, lilianzia Hispania. Katika bunge lililokutana Cádiz kuanzia mwaka 1810, wakati majeshi ya Napoleon yalipokuwa yameikalia sehemu kubwa ya nchi, wajumbe waliotaka kuyawekea mipaka mamlaka ya mfalme waliitwa *liberales*. Katiba yao ilitangazwa tarehe 19 Machi 1812. Iliwapa uraia Wahispania wa pande zote mbili za bahari pamoja na Wahindi wa Amerika, lakini kifungu cha 22 kiliwatenga wenye asili ya Kiafrika, ambao wangeupata uraia kwa kuonyesha sifa na huduma za pekee tu. Kwa hiyo, siku uliberali ulipopata jina lake, Mwafrika aliambiwa asubiri nje huku akikusanya ushahidi wa tabia njema.

Wakati huo, kule ng'ambo ya bahari, jambo jingine lilikuwa limekwisha kutokea. Mwezi wa Agosti 1791, watumwa wa kaskazini mwa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililokuwa tajiri kupita makoloni yote ya Karibi, waliyachoma moto mashamba ya miwa. Miaka miwili baadaye mjumbe wa serikali ya Ufaransa, Sonthonax, akiwa amezingirwa na maadui, alitangaza kukomeshwa kwa utumwa katika jimbo la kaskazini; na tarehe 4 Februari 1794 bunge la Paris likalipitisha jambo hilo kwa makoloni yote. Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kana kwamba Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1789 lilisafiri kwa merikebu hadi Karibi likawaamsha watumwa. C.L.R. James, katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1938, alikwisha kuonyesha kwamba mwendo ulikuwa wa pande mbili: wenye azimio walilazimishwa na wenye mapanga kulisoma azimio lao hadi mwisho.

Haiti ina umuhimu wa pekee kwa sababu ndipo tatizo la ndani la uhuru lilipojitokeza waziwazi. Toussaint Louverture, ambaye mwenyewe alikuwa amezaliwa mtumwa, alitoa katiba mwaka 1801 iliyosema kwamba hakuwezi kuwako watumwa katika nchi ile na kwamba utumwa umefutwa milele. Katiba hiyo hiyo iliwafunga wakulima kwenye mashamba makubwa yaliyosimamiwa kwa nidhamu karibu ya kijeshi. Toussaint hakuwa mnafiki pia. Alihitaji sukari na kahawa ya kununulia silaha, maana alijua Wafaransa wangerudi, nao walirudi mwaka 1802, mwaka ambao Napoleon aliurudisha utumwa kwa sheria. Lakini mtu aliyetoka utumwani alikuwa na tafsiri yake ya uhuru: kipande cha ardhi, mihogo na ndizi zake, na kutoamshwa na kengele ya mwingine. Kati ya uhuru wa taifa na uhuru wa mkulima paliingia neno moja, kazi, na neno hilo halijatoka mpaka leo. Baada ya Haiti kujitangazia uhuru tarehe 1 Januari 1804, Ufaransa ilikuja kuitambua mwaka 1825 kwa sharti la fidia ya faranga milioni 150 kwa waliokuwa wamiliki. Uingereza ilifanya vivyo hivyo kwa njia ya upole zaidi: sheria ya mwaka 1833 iliwatengea wenye watumwa pauni milioni 20, na watumwa wenyewe wakapewa miaka ya 'uanagenzi' iliyodumu hadi 1838. Katika hesabu ya kiungwana, aliyepoteza mali ndiye mdai.

Katika miaka hiyo, Mwislamu mmoja kutoka Misri aliukabili uliberali kama tatizo la tafsiri. Rifa'a al-Tahtawi alikaa Paris kuanzia 1826 hadi 1831 kama imamu wa wanafunzi waliopelekwa huko na Muhammad Ali Pasha, na kitabu chake juu ya safari hiyo kikatoka mwaka 1834. Alipofika kwenye neno la Kifaransa la uhuru, aliona kwamba *hurriyya* ya Kiarabu haikubeba mzigo ule. Ilikuwa neno la kisheria la kumtofautisha mtu na mtumwa. Akawaeleza wasomaji wake kwamba kile ambacho Wafaransa wanakiita uhuru na kukitamani ndicho ambacho kwao kinaitwa uadilifu na insafu, yaani kila mtu kuwa sawa mbele ya hukumu, na mtawala asimdhulumu mtu. Baadhi ya wahakiki wanaliona jibu hili kuwa la mtu aliyeshindwa kuelewa. Kinyume chake, laelekea kuwa mojawapo ya tafsiri makini zaidi za karne ile. Al-Tahtawi alielewa kwamba uhuru usio na insafu ni uungwana wa wachache tu, na njia yake ya kufikiri tutakutana nayo tena, miaka zaidi ya mia moja baadaye, katika Kiswahili.

John Stuart Mill hawezi kurukwa, ingawa anajulikana mno. Kitabu chake juu ya uhuru kilitoka mwaka 1859, mwaka mmoja baada ya kuacha kazi katika Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, aliyoitumikia kwa miaka 35. Hoja yake kuhusu uhuru wa mawazo haijapitwa na wakati: kulinyamazisha wazo moja ni kuwanyang'anya watu wote nafasi ya kuupima ukweli. Kurasa za mwanzo za kitabu hicho hicho zinasema kwamba kanuni hii haiwahusu watoto, wala jamii ambazo bado 'hazijakomaa'. Kwa watu wa namna hiyo, utawala wa kimabavu ni halali mradi unakusudia kuwaendeleza. Wengine wanapendekeza kukichana kitabu kwa ajili ya ukurasa huo, na wengine wanaupita kimyakimya. Msomaji wa Afrika Mashariki hana anasa ya kuchagua, kwa sababu ukurasa huo ulikuja kwake kama serikali.

Ulikuja kwa namna gani? Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, chini ya shinikizo la Uingereza, alitia saini amri ya kuifuta hadhi ya kisheria ya utumwa katika visiwa vya Unguja na Pemba. Amri hiyo inastahili kusomwa na wanafasihi, kwa maana ni matini ya kiliberali kwa kila hali. Haikumwachia huru mtu yeyote moja kwa moja. Ilimruhusu mtumwa aende mahakamani aombe uhuru wake. Ilimlipa bwana fidia. Ilimtaka aliyetambuliwa kuwa huru alipe kodi na aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo atangazwe kuwa mzururaji. Nayo masuria iliwaweka kando, kwa hoja kwamba wao wahesabiwe kama wake; hao walingoja hadi mwaka 1909. Huku bara la Kenya, ukanda wa pwani ulingoja hadi 1907, na Tanganyika, ambako Wajerumani walikuwa wamewaahidi uhuru waliozaliwa baada ya mwaka 1905 tu, utumwa ulifutwa kabisa na Waingereza mwaka 1922.

Kinachogusa zaidi ni kile walichofanya watumwa wenyewe. Wengi hawakwenda mahakamani. Walikubaliana na mabwana wao, au waliwaacha, wakalima kwenye mashamba waliyoyazoea kwa masharti mapya. Maofisa walilitafsiri jambo hili kama ushahidi kwamba watu hao hawakuuthamini uhuru. Tafsiri iliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba waliuthamini kuliko karatasi yake: cheti kilimtenga mtu na mlinzi wake, na hakikumpa ardhi. Kilimfanya kuwa huru bila ya kumfanya mwungwana. Na uungwana, yaani heshima, ndio walioutafuta, kwa kuvaa kanga na kanzu, kwa kusoma Kurani, na kwa kukataa kuitwa kwa majina ya zamani. Kwa hiyo pwani ya Afrika Mashariki ilitenda kwa njia yake kile ambacho wanafalsafa wa Ulaya walikiandika tu: iliudai uungwana kwa kila mtu.

Ni katika muktadha huu ambapo *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, inapaswa kusomwa upya. Mwandishi wake alikuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Alijua barua rasmi inavyoandikwa, na alijua pia isipoweza kujibiwa. Katika nchi yake ya kubuni iliyo angani, Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu uanasheria. Utetezi wake ni visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu, wakarejea na mapendekezo ya manufaa, wakafungwa badala ya kushukuriwa. Wahakiki wa mkabala wa kitabaka wameilaumu riwaya hii kwa kuwa mageuzi yake yanatokea ndani ya baraza la mfalme, kwa nguvu ya hoja, pasi na umma kuinuka. Lawama hiyo ina uzito wake. Hakuna mkulima anayesema katika *Kusadikika*.

Hata hivyo, tazama ni haki gani inayodaiwa. Karama hadai mali yake ilindwe, wala haki ya nasaba. Anadai kwamba mshtakiwa asikilizwe. Hoja ya Mill inasikika hapa, kwamba jamii inayowafunga wajumbe wake inajinyima habari. Lakini lugha ya Shaaban Robert si lugha ya Mill. Ni lugha ya al-Tahtawi: haki, insafu, hukumu iliyo sawa. Wala hakuna ukurasa wa kuwatenga wasiokomaa. Kinyume chake, wanaoonekana kutokomaa ni mawaziri. Kama kitabu hiki ni cha kiliberali, na hakuna sababu ya kulionea haya neno hilo, basi ni uliberali ulioandikwa na mtu ambaye sheria ya nchi yake ilimhesabu miongoni mwa wasiohusika.

Uhuru ulipofika, kati ya 1961 na 1963, neno lilikuwa limekwisha kupanuka. Lilihama kutoka kwa mtu likaenda kwa taifa. TANU iliita 'Uhuru na Kazi', na msomaji wa historia ya Haiti anaweza kuisikia sauti ya Toussaint ndani ya kauli hiyo: serikali changa, maskini, inayoogopa kurudiwa, ikimkumbusha mkulima kwamba aliye huru hapaswi kukaa. Nia haikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba taifa linapokuwa ndilo huru, raia anayeuliza swali anaweza kuonekana adui wa uhuru wenyewe. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliuliza swali katika kijikaratasi kilichoitwa *Kenya: Twendapi?* na akafungwa miaka mitatu, hadi 1972. Swali hilo lilikuwa la Karama, na jibu lilikuwa la Majivuno.

Mashairi aliyoyatunga gerezani, mengine yakiandikwa kwenye karatasi za msalani, yalitoka mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Yanaposomwa na wanafunzi, mara nyingi huulizwa kama ni mashairi ya kimapinduzi au ya kiliberali. Swali hilo ni dogo kwa kazi hii. Mshairi ametumia arudhi za pwani zilizolelewa na tabaka la waungwana, pamoja na vina, mizani na msamiati wao, kusemea hali ya mtu aliyefungiwa peke yake. Ameutoa uungwana wa lugha kwa waungwana akampa mfungwa. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Waamuzi walifuata insafu. Dola haikutamka lolote.

Tangu miaka ya 1980 Kiswahili kimezaa neno la tatu, 'huria', linaloambatana zaidi na soko. Wasemaji hawakuambiwa na mtu walitenge na 'huru', lakini wengi walilitenga: soko ni huria, mtu ni huru, na mwenye heshima zake bado ni mwungwana. Mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya uliberali katika riwaya za baada ya 1990 angefanya vyema kuanzia hapo, kwa kuhesabu katika kila riwaya ni mara ngapi, na kinywani mwa nani, kila moja ya maneno hayo matatu linatamkwa.